Kilwa Kisiwani na Mikoko Yake

Mashua itokayo Kilwa Masoko haikawii kuvuka, na mara Gereza hudhihirika ufuoni. Nyuma yake umesimama Msikiti Mkuu, ambao msingi wake ni wa karne ya 11. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akaukuta mji umestawi kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Wareno wakauteka mwaka 1505.

Lakini, ndugu msomaji, hapa si makumbusho matupu. Wananchi wanaishi, wanalima na kuvua kando ya magofu hayo. Mwaka 2004 UNESCO iliyatangaza kuwa hatarini, bahari ikiula ufuo. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Akataye mkoko kwa kuni huyafungulia mawimbi njia. Mgeni na aulize kwanza habari za mikoko, ndipo aulize za masultani.