Mtu wa Siakago afikapo Nairobi: ale wapi, anywe nini?

Katika mji mdogo kama Siakago, makao makuu ya Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu, swali la wapi mtu ale halimkoseshi yeyote usingizi. Mwenye bucha hujulikana hata kwa jina la babake. Mama apikaye githeri sokoni ana majirani, ana kanisa na ana chama. Akiwalisha watu chakula kibovu leo, kesho hatakuwa na pa kuuficha uso. Kwa hivyo mlaji haangalii sahani tu. Anaangalia jina la mpishi, na jina hilo ndilo dhamana yake.

Dhamana hiyo haipandi gari kwenda Nairobi. Katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073, mpishi hamjui mlaji na mlaji hamjui mpishi. Wakikutana leo, huenda wasionane tena maishani. Mwenye nia mbaya hana haja ya kuogopa aibu, na mzembe hana wa kumkemea.

Wala hili si suala la anasa. Wengi watokao Mbeere kwenda jijini hawaendi kustarehe. Mmoja anamtazama mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mwingine anafuatilia stakabadhi katika afisi za serikali, wa tatu anampeleka mtoto chuoni au anatafuta soko la maembe na ndengu. Nauli imehesabiwa na siku zimehesabiwa. Akishikwa na tumbo siku ya kwanza, safari yote imeharibika, na fedha za shughuli zinaishia kwenye dawa.

Ikiwa jina la mpishi halipo, basi mgeni sharti ajifunze kusoma dalili. Dalili hizo si nyingi, na hazihitaji elimu ya chuo kikuu.

Kwa miaka mingi, magari ya Embu yamekuwa yakiwashusha abiria katika eneo la Tea Room, karibu na barabara za Accra na River Road. Hapo ndipo njaa ya safari ya zaidi ya kilomita 120 kutoka mji wa Embu humkumba mgeni, na hapo ndipo penye mikahawa mingi ya bei nafuu: chai na mandazi, chapati kwa ndengu, ugali kwa matumbo, mukimo na wali kwa maharagwe. Si vyakula vigeni kwake. Hata hiyo ndengu huenda ililimwa katika mashamba makavu ya kwao. Kigeni ni namna ya kuchagua mlango wa kuingia.

Dalili ya kwanza ni moto. Viini vingi viletavyo kuhara na kipindupindu hufa chakula kinapochemka. Chapati inayotoka kwenye kikaango mbele ya macho yako, au supu inayotokota jikoni, ni salama kuliko wali uliopikwa asubuhi ukafunikwa hadi saa tisa. Chakula kilichopoa na kukaa kwenye joto la mchana huwapa viini nafasi ya kuzaana, na kukipasha moto kidogo hakutoshi kurekebisha mambo. Ndiyo maana kibanda cha mabati chenye jiko linalowaka chaweza kuwa salama kuliko mkahawa wenye vioo ambao vyakula vyake vimelala kwenye kabati tangu asubuhi.

Watu wengi husahau kwamba si kila kilicho kwenye sahani kimepita motoni. Kachumbari haipikwi. Sharubati haichemshwi, wala barafu inayotiwa ndani yake. Mtu aweza kula nyama iliyochomwa barabara, kisha akaugua kutokana na nyanya zilizooshwa kwa maji machafu. Ikiwa huna hakika na maji ya mahali ulipo, iache kachumbari hata kama inavutia, na uagize chai au maji ya chupa ambayo wewe mwenyewe umevunja kifuniko chake.

Dalili ya pili ni wingi wa wateja. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye foleni ya makuli, makondakta na wachuuzi saa saba mchana, sufuria humalizwa na kupikwa upya, hivyo chakula hakipati muda wa kuchacha. Isitoshe, hao ni wenyeji wanaokula hapo kila siku. Wangekuwa wanaugua, wangekuwa wamehama. Kinyume chake, anayemvuta mgeni mkono barabarani ili aingie kwake hana budi kutiliwa shaka.

Dalili ya tatu ni mikono na maji. Tazama kama pana maji ya bomba au mtungi wenye mfereji pamoja na sabuni, na kama anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika chapati kwa mkono mtupu. Tazama pia vyombo vinaoshewa wapi. Beseni moja la maji ya kijivu linalotumiwa kwa sahani hamsini linatosha kukuondoa hapo bila maelezo.

Dalili ya nne ni karatasi ukutani. Anayeshughulikia chakula cha kuuzwa anatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, nayo biashara inatakiwa kuwa na kibali cha kaunti. Mkahawa unaofuata kanuni huvitundika mahali vinapoonekana. Karatasi peke yake haimpikii mtu, lakini yule anayezingatia tarehe za vyeti kwa kawaida huzingatia mengine pia.

Jambo ambalo halimo katika orodha hii ni bei. Wageni wengi huamini kwamba chakula ghali ni chakula salama. Mwaka 2017 uliwasuta. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka huo, miongoni mwa waliougua walikuwamo wajumbe waliokuwa wakihudhuria kongamano katika hoteli ya hadhi, na mwezi Julai mawaziri wawili, Adan Mohamed na Henry Rotich, walilazwa hospitalini baada ya maonyesho ya biashara katika jumba la KICC. Ugonjwa huo haukuuliza cheo wala bei ya sahani. Ulifuata maji na mikono, kama ufanyavyo vibandani.

Baada ya kujua dalili, mgeni aweza sasa kuulizia mahali. Kwa nyama choma, wenyeji wengi watamwelekeza Soko la Kenyatta, lisilo mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta, jambo linalowafaa sana wanaowatembelea wagonjwa. Upande wa Mashariki, Burma karibu na Barabara ya Jogoo ina sifa ya nyama ya ng'ombe na mbuzi tangu enzi za wazee. Samaki hupatikana katika City Market kwenye Barabara ya Muindi Mbingu, na Gikomba ambako huuzwa kwa wingi. Anayetaka samaki wa ziwani kwa mboga za kienyeji aulizie Ranalo, mkahawa ambao wengi wanaujua kwa jina la K'Osewe.

Pilau, biriani na mahamri ya mtindo wa pwani utayakuta katika mikahawa iliyo karibu na Msikiti wa Jamia. Eastleigh ni kwa wali wa Kisomali unaoandamana na ndizi mbivu, nyama ya ngamia na maziwa yake. Diamond Plaza, mtaani Parklands, ni mahali pa kuonja vyakula vya Kihindi. Kwa hakika, chapati, sambusa na chai ya maziwa, ambavyo leo Siakago inaviona kuwa vyake, vililetwa Afrika Mashariki na watu wa jamii hizo za ng'ambo na pwani.

Kuhusu nyama choma, mgeni afahamu inavyouzwa. Nyama hupimwa ikiwa mbichi. Unachagua kipande, kinawekwa kwenye mizani mbele yako, unaambiwa bei, kisha kinapelekwa motoni. Inapochomwa hupoteza maji na mafuta, hivyo kilo moja ya mbichi haiwezi kurudi kilo moja. Huo si wizi. Wizi ni pale kipande kinapopimwa ukiwa umegeuka, au kinapoletwa kingine mezani. Kitie alama machoni mwako, na ikiwezekana kaa pale unapoliona jiko.

Tafuta pia muhuri. Sheria inataka mnyama akaguliwe machinjioni, na nyama iliyopita ukaguzi hupigwa mhuri. Usidanganywe na wekundu. Mwaka 2019, upekuzi wa televisheni ulizua kilio nchini ulipodai kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakiitia nyama kemikali za kuhifadhia ili iendelee kung'aa. Nyama iliyochinjwa asubuhi hubadilika rangi kadiri saa zinavyopita. Ile inayobaki nyekundu siku nzima, na ambayo hata nzi hawaitaki, iache ilipo.

Sasa tugeukie vinywaji, ambako kosa moja laweza kugharimu uhai. Watu wa Embu hawahitaji kukumbushwa mwezi Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipowaua makumi ya watu katika kaunti yao na kaunti nyingine kadha, na kuwaacha wengine vipofu. Methanoli ni aina ya spiriti itumiwayo viwandani. Kwa macho, kwa harufu na hata kwa ladha, ni vigumu kuitofautisha na pombe ya kawaida. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili mara nyingi huchelewa kwa saa nyingi, na anayesema haoni vizuri asubuhi baada ya kunywa anapaswa kukimbizwa hospitalini, si kuachwa alale.

Kwa hivyo anayekunywa na anunue chupa iliyofungwa, ifunguliwe mbele yake, yenye stempu ya ushuru. Mamlaka ya Ushuru, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo husoma stempu hiyo na kueleza kama ni ya kweli. Kinywaji kinachouzwa kwa kipimo kutoka kwenye mtungi usiojulikana, hata kama kinaitwa muratina, hakina uhusiano na muratina ya asali ambayo wazee wa Mbeere huinywa kwenye shughuli za mahari. Kule kwao aliyeitengeneza anajulikana. Jijini hajulikani.

Aidha, sheria ya vileo ya mwaka 2010, inayofahamika na wengi kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliweka saa za baa za kawaida kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Baa inayomfungia mgeni mlango kwa ndani saa nne asubuhi inamwingiza katika hatari ya kukamatwa akiwa hajui hata kituo cha polisi kiko wapi.

Kuna pia hatari ambayo wakazi wa jiji wanaiita "mchele". Si mchele wa Mwea alioupita njiani. Ni dawa ya kulevya usingizi inayotiwa kisiri katika kinywaji cha mtu ili alale aibiwe. Kinga yake ni nyepesi: usipokee kinywaji kutoka kwa usiyemjua, awe mwanamume au mwanamke, na ukienda msalani usiirudie glasi uliyoiacha. Agiza nyingine. Hasara ya glasi moja ni ndogo kuliko ya simu, kitambulisho na pesa za hospitali.

Mwisho, uliza bei kabla ya kuketi, si baada ya kula. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kubonyeza, ulilinganishe na jina la biashara, kisha uhifadhi ujumbe wa malipo hadi uondoke.

Yote haya yaweza kuonekana kuwa wasiwasi mwingi kwa ajili ya sahani moja ya chakula. Ukweli ni kwamba mtu wa Siakago huyafanya kila siku nyumbani bila kutambua, kwa kuwa jamii humfanyia: jirani humwambia nani ni msafi, soko humwambia nani ni mwongo. Nairobi haina jirani wa kumnong'oneza. Atakapompata mpishi mmoja anayemridhisha, na amrudie kila safari hadi wajuane kwa majina. Hapo ndipo atakuwa ameipata upya dhamana aliyoiacha nyumbani.