Kompyuta Kuukuu Si ya Kutupwa

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu wafaa kukumbukwa katika ofisi za kombania na vituo vya polisi, ambamo aghalabu kompyuta kuukuu hurundikwa pembeni na kufunikwa na vumbi, hali karani angali akiandika orodha ya zamu kwa mkono.

Kosa si la kompyuta, bali ni la mzigo iliotwikwa. Mfumo endeshi ndio mkuu wa zamu ndani ya mashine: hugawa kazi na kuipa kila programu nafasi yake katika kumbukumbu. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na megabaiti 64. Windows 11 ya mwaka 2021 hudai gigabaiti 4, yaani mara 64 ya kiasi hicho. Mashine yenye megabaiti 512 haiwezi kuubeba mzigo huo. Wala si salama kubaki na XP, kwani Microsoft iliacha kuziba mianya yake mwaka 2014. Kuiunganisha na intaneti ni sawa na kuacha lango bila mlinzi.

Njia nyingine ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, na ambao hupatikana bila malipo. Aina zake ni nyingi. Tiny Core, kwa mfano, huweza kuanza kazi kwa megabaiti 46, ingawa 128 ndizo zinazopendekezwa. Hata hivyo, hapana budi kukagua prosesa pia: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena chombo cha kuiweka kwenye kompyuta za biti 32.

Baada ya ukaguzi, mfumo mpya na ujaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, au CD ikiwa mashine haitambui flashi, kabla diski haijaguswa. Yafaa pia kutenga sehemu ya diski iwe akiba ya kumbukumbu. Akiba hiyo huenda polepole, lakini huizuia mashine kukwama. Hata hapo, tusitarajie miujiza: barua na orodha zitaandikika vyema, bali kurasa nzito za intaneti zitaishinda.

Hatari kubwa ingalipo. Kuweka mfumo mpya juu ya diski yote hufuta kila kilichokuwamo, na kidole kimoja chatosha. Humo mna majalada ya kesi, hesabu za ghala na majina ya warithi wa askari. Kwa hiyo, kila kitu kinakiliwe mahali pawili, kisha nakala zifunguliwe kwenye mashine nyingine na kuhakikiwa.

Kompyuta yaweza kununuliwa nyingine. Lakini askari aliyeanguka katika wajibu wake hawezi kurudi ofisini kuandika upya jina la mrithi wake.