Chokaa, Jiwe Linalochomwa Likarudi Kuwa Jiwe

Hoteli ya Serena pale Shangani, Unguja, inatazama bahari. Zamani lilikuwa jengo la simu za nyaya za chini ya bahari, likijulikana kwa jina la Extelecoms. Miaka ya 1990 taasisi za Aga Khan zililigeuza, pamoja na nyumba jirani, kuwa hoteli. Wageni husifu vyumba. Mimi nasifu kitu kinachoyapa majengo ya Mji Mkongwe uhai wa pili: chokaa.

Ili kuipata, matumbawe huchomwa tanurini mpaka joto lifike kama nyuzi 900. Moto huifukuza kaboni dayoksaidi iliyofungiwa ndani ya jiwe, likabaki bonge jeupe, jepesi na kali. Limwagie maji, litachemka, litafoka mvuke na kumeguka lenyewe likawa unga. Mafundi wa zamani waliloweka chokaa shimoni kwa miezi. Ikishapakwa ukutani, huivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na polepole inarudi kuwa jiwe. Hata ufa mwembamba huweza kujiziba: maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha humo humo ndani ya ufa.

Ndiyo maana nakasirika nikiona ukuta wa matumbawe ukipigwa plasta ya saruji. Ukuta huo, unene wake nusu mita na zaidi, hunyonya unyevu. Chokaa ina vitundu, huuacha utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi. Chumvi ikikauka hugeuka chembe zinazotanuka, na jiwe humomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Boriti za mikoko nazo huoza pale vichwa vyake vinapoingia ukutani.

Tunajua gharama ya kuchelewa kukarabati. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa.

Chokaa nayo ina deni lake, kwani tanuri hula kuni nyingi. Mikoko hai isikatwe kwa ajili hiyo, na mawe ya magofu yatumike tena kabla ya kuchimba mapya.

Matumizi mengine ya chokaa ni mengi: tambuu, vyoo vya shimo, mashamba yenye udongo mchachu, mashina ya miti, ngozi, mabirika ya maji.

Ukirithi nyumba ya mawe pwani, au ukiajiriwa kuikarabati, muulize fundi anachanganya nini kabla hajapandisha ngazi. Akisema saruji, mtafute mwingine.