Kanisa, Dola na Uhuru wa Dhamiri

Swali la kama Mkristo anaweza kuwa na msimamo wa kiliberali katika siasa huulizwa kwa ukali zaidi nchini Marekani, ambako kwa zaidi ya miaka arobaini wapigakura wengi wamezoea kudhani kwamba mtu wa kanisani ni wa chama cha Republican, na kwamba aliye upande wa pili hana imani ya kweli. Dhana hiyo ni changa kuliko inavyodhaniwa. Jimmy Carter, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1976 kwa tiketi ya chama cha Democratic, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa la Kibaptisti. Na mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, ambao leo ni miongoni mwa wapinzani wakubwa wa utoaji mimba, ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu jambo hilo katika hali kadhaa, ikiwemo ya mama aliyebakwa au ambaye afya yake imo hatarini. Jerry Falwell, mchungaji aliyeanzisha jumuiya ya Moral Majority mwaka 1979 ili kuwaingiza Wakristo wahafidhina katika siasa, alikuwa amehubiri mwaka 1965 kwamba wachungaji wameitwa kuokoa roho, si kufanya siasa. Walioandamana wakati huo, wakidai haki za Wamarekani weusi, walikuwa wafuasi wa Mchungaji Martin Luther King.

Uliberali unaozungumziwa hapa ni ule wa asili, yaani mafundisho ya siasa yanayoshikilia kwamba mamlaka ya dola yana mipaka, kwamba mtawala hupata uhalali wake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, kwamba kila raia ana haki zinazomlinda hata dhidi ya walio wengi, na kwamba dhamiri ya mtu, hasa katika mambo ya dini, haipaswi kushurutishwa na serikali. Mabishano ya leo kuhusu mimba na ndoa yamezaliwa kutokana na msingi huo, ingawa waliberali wenyewe hawakubaliani kama ni matunda yake halali. Maandiko peke yake hayakuwahi kuumaliza ubishi, kwa kuwa anayetaka utii kwa serikali ana sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, na anayetaka kuikatalia ana sura ya 5 ya Matendo ya Mitume. Mwenendo wa makanisa kwa karne nne unaonyesha kwamba kilichoamua kama kanisa litaukumbatia uhuru huo au litaulaani kilikuwa, mara nyingi mno, mahali lilipoketi lenyewe: karibu na kiti cha mtawala au mbali nacho.

Waliotangulia kuudai walikuwa Wakristo waliokuwa mbali. Thomas Helwys, Mbaptisti wa Kiingereza, aliandika mwaka 1612 kwamba mfalme ni mwanadamu anayekufa, hana mamlaka juu ya roho za raia wake, na kwamba hata Waislamu, Wayahudi na wazushi hawapaswi kuadhibiwa na dola kwa sababu ya dini yao. Alifungwa katika gereza la Newgate jijini London na hakutoka akiwa hai. Roger Williams alifukuzwa na Wapuritani wa Massachusetts, na mwaka 1636 akaanzisha makazi ya Providence ambako serikali haikuruhusiwa kuingilia ibada. Huko Virginia, ambako kanisa la Kianglikana lilikuwa kanisa rasmi linalolishwa kwa kodi, wahubiri wa Kibaptisti waliendelea kufungwa hadi miaka ya 1770, jambo lililomkasirisha kijana James Madison, na ni kwa msaada wa Wabaptisti na Wapresibiteri kwamba alifanikiwa mwaka 1786 kuipitisha sheria ya uhuru wa dini iliyotungwa na Thomas Jefferson. Inafaa kukumbuka pia kwamba John Locke, anayeitwa baba wa uliberali, katika waraka wake wa uvumilivu wa mwaka 1689 aliwanyima uvumilivu huo wasioamini Mungu, na hoja zake ziliwaacha nje Wakatoliki vilevile. Katika hili Helwys, ambaye wanafunzi wa falsafa hawafundishwi jina lake, alimtangulia na kumzidi.

Kanisa Katoliki lilisafiri njia ndefu zaidi, na safari yake ndiyo yenye mafunzo mengi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789 yalizungumza lugha ya haki na uhuru, lakini mwaka uliofuata yaliwageuza mapadri kuwa watumishi wa serikali na baadaye kuwalazimisha waape utii kwa katiba. Waliokataa walifukuzwa, wengine waliuawa, na Papa Pio wa VI alifia mikononi mwa Wafaransa mwaka 1799 akiwa mateka. Kwa maaskofu waliopita katika moto huo, uliberali ulikuwa jina la watu waliopora mali ya Kanisa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiandika matamko ya haki. Hofu yao ilikuwa na sababu.

Ndani ya mazingira hayo alitokea padri Félicité de Lamennais, aliyeanzisha mwaka 1830 gazeti la L'Avenir akitetea kwamba Kanisa litapata nguvu yake ya kweli likiachana na ulinzi wa wafalme na kukubali uhuru wa dhamiri, wa magazeti na wa elimu. Wakatoliki wa Ubelgiji walikuwa wakitenda jambo kama hilo hasa, wakiungana na waliberali kuiunda katiba ya mwaka 1831. Jibu la Roma lilikuja mwaka 1832 katika waraka wa Papa Gregori wa XVI, ambao uliuita uhuru wa dhamiri wazimu; Lamennais aliishia nje ya Kanisa. Mwaka 1864 Papa Pio wa IX, ambaye maeneo aliyoyatawala yalikuwa yakimegwa na ufalme mpya wa Italia, alitoa orodha ya makosa 80 ya zama zake, na la mwisho lilikuwa ni dai kwamba Papa anaweza na anapaswa kupatana na maendeleo, uliberali na ustaarabu wa kisasa.

Karne moja baadaye, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko liitwalo Dignitatis Humanae kwa kura 2,308 dhidi ya 70, likisema kwamba kila mtu ana haki ya kutoshurutishwa katika mambo ya dini, na kwamba haki hiyo inatokana na hadhi yake ya kibinadamu, hata akiwa amekosea. Mmoja wa waandishi wake wakuu alikuwa Mjesuiti Mmarekani John Courtney Murray, ambaye miaka kumi kabla alizuiwa kuandika kuhusu suala hilohilo. Maaskofu wa Marekani, ambako Wakatoliki walikuwa wachache waliostawi bila kubebwa na serikali, walilitaka sana tamko hilo. Naye Askofu Mkuu Karol Wojtyła wa Kraków nchini Poland, aliyeishi chini ya ukomunisti, alilitetea kwa kuwa alijua dola inaweza kufanya nini na dhamiri za watu. Wanateolojia husema kwamba mafundisho yalikua, hayakubadilika, na maelezo hayo yana uzito wake, ila msomaji wa waraka wa 1832 na tamko la 1965 atahitaji subira kubwa asione kwamba kauli moja inaikana nyingine.

Hata hivyo, kukubali uhuru wa dini hakukumaliza mambo, kwa kuwa linabaki swali la dhambi na jinai. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba sheria ya wanadamu haikusudiwi kukataza kila uovu, bali ule mzito zaidi, hasa unaowadhuru wengine. Hoja ya namna hiyo ilitumiwa na Mario Cuomo, gavana Mkatoliki wa New York, katika hotuba yake ya mwaka 1984 kwenye chuo kikuu cha Notre Dame, aliposema kwamba yeye binafsi anayakubali mafundisho ya Kanisa lake kuhusu utoaji mimba bila kulazimika kuyafanya kuwa sheria kwa wasioyaamini. Wapinzani wake walijibu kwamba Thoma huyohuyo anataka sheria imzuie anayemdhuru mwingine, na kwamba kwao mtoto aliye tumboni ni huyo mwingine. Hapa Cuomo hakuwa na jibu la kutosha ndani ya uliberali wenyewe, maana uliberali husema jirani asidhurike lakini hausemi jirani ni nani.

Kenya iliupitia ubishi wote huu katika muda wa miaka 25 tu. Chama cha KANU kilipoleta mwaka 1986 upigaji kura wa mlolongo, ambapo raia walijipanga hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake, wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walipinga, wakidai kura ya siri na wakiuliza mchungaji atawahudumiaje waumini waliomwona katika mstari wa upande mmoja. Maaskofu wa Kianglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya wa Presbiteri, waliikosoa serikali kutoka mimbarani kabla vyama vya upinzani havijaruhusiwa. Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumtisha hadharani asikanyage Busia. Kanisa la Africa Inland, alikosali Rais Moi, halikuwa upande wao.

Katiba mpya waliyoipigania wachungaji hao wakosoaji ilipofikishwa kwa wananchi mwaka 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini waikatae, kwa sababu ibara ya 26 iliruhusu mimba kutolewa pale uhai au afya ya mama imo hatarini, na kwa sababu mahakama za kadhi, zilizokuwamo tangu katiba ya uhuru ya 1963 kutokana na makubaliano kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, zilibakizwa. Hoja zao mbili zilivutana: kuhusu kadhi walisema dola isiipendelee dini yoyote, hoja ambayo Roger Williams angeitia saini, na kuhusu mimba walitaka dola ishike fundisho la kanisa. Njoya aliunga mkono katiba hiyo. Tarehe 4 Agosti ilipita kwa takribani asilimia 67 ya kura, ikiwa na ibara ya 32 inayolinda uhuru wa dhamiri, na ikiwa pia na sentensi, iliyoingizwa baada ya shinikizo la makanisa yaleyale yaliyoikataa, isemayo kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa.