Mwalimu wa Sekondari na Mwanafunzi Asiyemudu Kusoma

Mwalimu wa sekondari nchini Tanzania huandaliwa chuoni kufundisha masomo yake, aghalabu mawili, kwa kuchukuliwa kwamba kazi ya kumfundisha mtoto kusoma ilikwisha kukamilika shule ya msingi, ambako stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hupewa nafasi ya kwanza. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 2012, ilipobainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika.

Katika kata kama Sindeni wilayani Handeni, na katika vijiji vya Korogwe, watoto wengi hukua na Kizigua au Kisambaa pamoja na Kiswahili, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukikuta Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia sekondari. Mwaka 1986, watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa ufahamu wa kusoma hutokana na kuzidisha mambo mawili, yaani uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, hivyo moja likikosekana kabisa ufahamu nao haupo. Mwanafunzi asiyetambua silabi za Kiswahili amepungukiwa na uwezo wa kwanza, ilhali asomaye gazeti la Kiswahili bila kusita lakini akakwama kwenye kitabu cha Baiolojia amepungukiwa zaidi na wa pili, na tahajia ya Kiingereza, isiyofuata matamshi, humzidishia ugumu.

Kujiamini kwa mwalimu hutegemea kuzitenganisha hali hizo. Albert Bandura, aliyechunguza imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo, alionyesha mwaka 1977 kwamba chanzo chake kikuu ni kufanikiwa mwenyewe, kikifuatiwa na kumwona mwenzake akifanikiwa. Mwalimu anayewakaririsha wote nukuu zilezile haoni maendeleo, hukata tamaa, na huishia kuwahesabu kuwa wazito.

Kifungu kifupi cha Kiswahili na kingine cha Kiingereza, kila kimoja na maswali yake, hutosha kuonyesha nani arudishwe kwenye silabi na nani afunzwe kwanza msamiati wa somo. Kazi hiyo ifanyike wakati wa kozi ya awali ya kidato cha kwanza, na matokeo yake yajadiliwe katika MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa kuwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huja mwanafunzi akiwa amekwisha kupoteza miaka miwili.