Nyanya Zilishwazo kwa Taa

Kila mkulima ajua ya kuwa nyanya iliyopandwa kivulini haizai vema. Shina lake hurefuka na kulegea, majani hupauka, na maua huwa haba. Basi watu wa Isilandi, nchi iliyo mbali sana upande wa kaskazini, hupataje nyanya mbivu katika mwezi wa Desemba, ambapo jua la Reykjavik, mji wao mkuu, huonekana kwa muda wa saa 4 tu kila siku?

Jibu ni taa. Katika kijiji cha Reykholt na penginepo, nyanya hupandwa ndani ya nyumba za vioo zipashwazo joto kwa maji ya moto yatokayo ardhini. Juu ya mimea hutundikwa taa kali. Umeme wake hutokana na nguvu za mito na mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria hapa Kenya.

Lakini mtu asidhani ya kuwa taa yo yote ya nyumbani yatosha. Jicho la binadamu huzoea mwanga hafifu, kwa hiyo hudanganyika. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la adhuhuri pasipo mawingu hutoa laksi zipatazo 100,000, bali ofisi yenye taa nzuri hupata laksi 500 hivi. Karani husoma barua zake pasipo taabu, lakini nyanya iliyo kando yake yafa njaa. Kwa maana mmea hutumia mwanga kujifanyizia chakula kutokana na maji na hewa.

Tena taa haina budi kuwa karibu na mmea. Taa ndogo ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga wake hupungua hata kuwa robo. Wala si vema kuiwasha usiku kucha, kwani majani ya nyanya isiyopata giza hugeuka manjano. Saa 16 za mwanga na saa 8 za giza zafaa. Na kwa kuwa ndani hamna upepo wala nyuki, maua yatikiswe kidogo kila siku, ama sivyo matunda yatakuwa machache.

Sasa na tutazame gharama. Taa ya wati 600, ikiwaka saa 16, hula yuniti 9.6 za umeme kwa siku, yaani yuniti 288 kwa siku 30; nayo huangaza mahali pa mita moja na kidogo tu kila upande. Hiyo ndiyo bei ya jua kwa wasio nalo.

Mkulima wa Kenya hupata mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, pasipo kulipa senti. Basi kitalu chake kiwe mahali peupe, miche izoeshwe jua kidogo kidogo, na matawi yatiayo shamba kivuli yapunguzwe. Apandaye nyanya chini ya mwembe aitupa mali ambayo wengine huinunua kwa fedha nyingi.