Moshi wa Kanada ulivyoziba jua New York

Hebu fikiria ni Jumatano mchana, unatoka kazini kutafuta chakula, unakuta anga lote limegeuka rangi ya chungwa. Taa za barabarani zimewaka. Unanusa moshi wa kuni, lakini ukiangaza huku na huku huoni kinachoungua.

Wakazi wa New York yaliwapata haya Juni 7, 2023. Moto wenyewe ulikuwa Quebec, Kanada, mbali kuliko Nairobi na Mombasa. Misitu ilikuwa imekauka, radi zikapiga mwanzoni mwa mwezi, mioto mingi ikawaka karibu kwa mpigo.

Kwa kawaida moshi wa mbali hupita juu kabisa, na unachoona wewe ni machweo mekundu ya kupiga picha. Safari hii upepo uliokuwa ukizunguka karibu na pwani ya Atlantiki uliusukuma kusini, tena chini chini, hadi kwenye pua za watu. Kipimo cha ubora wa hewa, AQI, kikipita 300 hewa huhesabiwa kuwa hatari. New York ilipita 400. Mechi ya Yankees iliahirishwa, na ndege za LaGuardia zikachelewa kwa sababu marubani hawakuwa wanaona vizuri.

Usidhani shida ni macho kuwasha tu. Moshi huo hubeba chembe ziitwazo PM2.5, ndogo hivi kwamba ukizipanga kama 30 ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Zinaingia ndani kabisa ya mapafu, nyingine hadi kwenye damu. Msimu huo, siku za moshi, wagonjwa wa pumu waliokimbizwa hospitalini Marekani walizidi matarajio kwa asilimia 17.

Serikali ikasema kaeni ndani, fungeni madirisha. Sawa, kama kazi yako ni ya kompyuta. Lakini wale jamaa wa kupeleka chakula kwa baiskeli waliendelea kukanyaga pedali kwenye ule ukungu, wakivuta hewa nyingi kuliko aliyeketi nyumbani akisubiri oda yake. Muulize mtu wa boda kama anaweza kufunga dirisha.

Jimbo lilitangaza barakoa milioni moja za N95, na hizo kweli husaidia zikikaza vizuri usoni. Kitambaa cha kawaida hakizuii chembe hizo. Siku chache baadaye upepo uligeuka, anga la New York likawa samawati tena. Quebec bado kulikuwa kunaungua.